Mkanda wa taiming "bado mzima": nimwamini fundi yupi?

Swali: Nina gari dogo la petroli, injini ya lita 1.6, lina miaka 14. Nililinunua mwaka jana likiwa limeshatumika, na sasa dashibodi inasoma kilomita 118,000. Fundi wangu wa siku zote alifungua kifuniko cha juu, akaukagua mkanda wa taiming, akasema bado mzima, nisipoteze pesa. Fundi mwingine ananiambia niubadilishe kabla sijafanya safari yoyote ndefu, na anataka ninunue pia tenshena (puli ya kukazia mkanda), pampu ya maji na oili sili (mipira ya kuzuia oili isivuje). Gari linavuta vizuri, halina mlio wowote wa ajabu. Nimwamini nani? Na huyu wa pili, mbona naona kama ananipiga?

Jibu: Mwamini wa pili, na kwa alichokutajia hakupigi. Lakini fundi wako wa siku zote naye hakukudanganya. Alichokiona pengine kilikuwa kizima kweli. Tatizo ni kwamba kwa mkanda huu, unaozipangia valvu na pistoni zamu, macho yanaweza kuutia hatiani, hayawezi kuuachia huru. Ukiuona una nyufa, umenyofoka jino, umechanika pembeni au umelowa oili, kesi imekwisha, unatoka leo. Usipoona lolote kati ya hayo, bado hujajua chochote kuhusu siku zilizobaki.

Sababu iko ndani ya mkanda wenyewe. Mpira unaoonekana ni ganda tu. Kinachobeba mzigo ni nyuzi za fibaglasi zilizolazwa ndani ya mpira kuuzunguka mkanda wote, na meno nayo yamevikwa kitambaa cha nailoni ili yasilike haraka. Nyuzi hizo hukunjwa na kunyooshwa kila zinapopita kwenye puli, na uchovu wake unajikusanya mahali ambapo hakuna tochi inayofika. Mikanda ya zamani ilikuwa ya neoprini, mpira ambao ukizeeka unakuwa mgumu na kupasuka mgongoni. Mafundi wa enzi hizo walizoea kutafuta nyufa, na walikuwa na haki. Mingi ya sasa ni ya naitraili iliyotiwa haidrojeni, inayohimili joto vizuri zaidi. Mkanda wa aina hiyo unaweza kufika mwisho wa maisha yake ukiwa mweusi, laini, na maandishi ya kiwandani bado yanasomeka.

Halafu kumbuka alifungua kifuniko cha juu peke yake. Hata kama aliizungusha injini mpaka mkanda wote ukapita mbele ya macho yake, hakuiona sili ya krankshafti (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), hakuigusa beringi ya tenshena, na hakujua kama pampu ya maji imeanza kuvuja. Huko chini ndiko penye balaa. Puli ya krankshafti ni ndogo kuliko ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), kwa hiyo meno yanayoishika kwa wakati mmoja ni machache na kila moja linabeba mzigo mkubwa zaidi. Mikanda mingi haikatiki vipande viwili kama watu wanavyodhani: inanyofoka meno machache hapo chini, mara nyingi wakati wa kuwasha, kisha puli inazunguka bure huku mkanda umesimama. Ukifungua juu unaukuta mzima, umevutika vizuri, na unabaki kujiuliza injini imepatwa na nini.

Sasa tuone kinachopotea ukikatika. Krankshafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krankshafti inazunguka mara 50 kwa sekunde na kamshafti mara 25, maana yake kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 ndani ya sekunde hiyo moja. Katika injini nyingi, pistoni ikiwa juu na valvu ikiwa imefunguka, zote mbili zinadai nafasi ileile. Ni michi miwili ndani ya kinu kimoja: wanaotwanga wakishika zamu hakuna linaloharibika, mmoja akikosea mpigo inagongana. Anayeshika zamu kwenye injini ni mkanda. Ukiondoka, kamshafti inasimama ilipo na baadhi ya valvu zimebaki wazi, wakati pistoni bado zinapanda kwa kasi ya gari. Valvu zinapinda. Wakati mwingine gaidi za valvu, yaani mirija inayoongoza mashina yake, zinapasuka, na ikiwa bahati ni mbaya sana kichwa cha valvu kinakatika na kutoboa pistoni.

Nimesema injini nyingi, si zote. Zipo zilizochongwa pistoni au kupangwa valvu kwa namna ambayo hazikutani hata taiming ikipotea. Toyota 4A-FE inajulikana kwa hilo: mkanda ukikatika gari linazima, unavutwa hadi gereji, unafungiwa mkanda mpya, unaondoka. Injini za Honda za mfululizo wa D, kinyume chake, hazisamehi. Na usijibu kwa kuangalia familia ya injini tu, kwa sababu 2JZ-GE ya zamani ya Toyota haigongani lakini ilipotiwa VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) ikawa inagongana. Dizeli ni karibu zote zinagongana, kwa kuwa kompresheni yake (mbano wa hewa) ni kubwa na pistoni inapanda mpaka karibu kabisa na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Tafuta namba ya injini yako iliyogongwa kwenye bloku, si jina la gari, kisha uliza kwa namba hiyo. Ukikosa jibu la uhakika, ichukulie kuwa inagongana.

(Kwa wasomaji wengine ambao hawajui kama wana mkanda au cheni: angalia ubavu wa injini wenye mapuli. Kifuniko cha plastiki cheusi, cha vipande viwili au vitatu, kilichofungwa kwa bolti ndogo, kwa kawaida kina mkanda wa taiming nyuma yake. Kifuniko cha chuma kilichobandikwa kwa silikoni kwa kawaida kina cheni, kwa sababu cheni inahitaji oili na oili haitakiwi kutoka nje. 1NZ-FE na 1ZZ-FE za Toyota, kwa mfano, zina cheni. Usichanganye na mkanda wa nje wa alteneta, huo ni kitu kingine kabisa.)

Turudi kwenye gari lako na hizo kilomita 118,000. Watengenezaji wanatofautiana, lakini wengi hupanga mabadiliko kati ya kilomita 60,000 na 160,000, au kati ya miaka 5 na 10, chochote kitakachotangulia. Watu hushika namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Gari lako lina miaka 14. Kama huna risiti wala stika inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, huna budi kuuhesabu kuwa ndio uliotoka nao kiwandani, na kwa umri huo ulishapitwa na muda zamani, hata kama ungekuwa umetembea kilomita 40,000 tu. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na joto la injini linaharakisha uzee huo.

Hata hizo kilomita zenyewe siziamini sana. Siongelei tu dashibodi zilizorudishwa nyuma, ingawa kwa gari lililotumika hilo nalo lipo. Mkanda haujui kilomita, unajua mizunguko. Chukua magari mawili yaliyotembea kilomita 100,000 kila moja. La kwanza limeishi barabara kuu kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa: injini imefanya kazi saa 2,000, na kwa wastani wa mizunguko 2,000 kwa dakika, krankshafti imezunguka mara milioni 240. La pili limeishi kwenye foleni za mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa: ni saa 5,000, na hata tukilipa wastani mdogo wa mizunguko 1,500 kwa dakika, inafika milioni 450. Dashibodi zinasoma sawasawa, mkanda mmoja umefanya karibu mara mbili ya kazi ya mwenzake. Ongeza vumbi linalopenya kwenye kifuniko kilichovunjika kona au kilichokosa bolti, ongeza kuwasha na kuzima mara kumi kwa siku, na namba ya kitabu inakuwa ndiyo dari, si mahali pa kulenga. Gari la mjini mimi hulipunguzia karibu robo.

Dizeli kubwa za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, na wenye magari hayo huitegemea mno. Taa hiyo haipimi mkanda. Inahesabu kilomita, inawaka zikifika idadi iliyopangwa, na inarudishwa sifuri kwa mkono. Aliyekuuzia gari anaweza kuwa ameirudisha bila kugusa mkanda, kwa nia mbaya au kwa kuchoshwa na taa.

Sasa hii ya kupigwa. Gharama kubwa ya kazi hii ni kufungua, si mkanda. Ili kuufikia lazima aondoe mikanda ya nje, mara nyingi mkono mmoja wa injini, puli ya krankshafti na vifuniko. Vyote anavyokutajia vinakaa hukohuko ndani. Beringi ya tenshena na ya puli ya kuongozea zimetembea umbali uleule na mkanda, tena kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu puli ndogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa kwenye mkanda mmoja. Grisi ndani yake hukauka. Beringi ikikwama, mkanda mpya kabisa unasuguliwa na kuungua au kuruka nje. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mkanda mpya na tenshena ya zamani, au kinyume chake, nakataa kazi.

Pampu ya maji ni swali la kumwuliza. Kama inazungushwa na mkanda wa taiming, ibadilishe bila mjadala: beringi yake ikilegea, mkanda unakaa upande, na ikianza kuvuja, kulanti (maji ya kupozea injini) inadondokea mkanda. Miezi michache baadaye utalipa kufungua kulekule kwa mara ya pili. Lakini zipo injini ambazo pampu iko nje, inazungushwa na mkanda uleule wa alteneta. Kama yako ni hiyo, hakuna ulazima wa kuinunua sasa isipokuwa inavuja au inalia, na jibu la fundi kwa swali hilo litakuonyesha kama anaijua injini yako au anauza spea. Sili za kamshafti na krankshafti ni za bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na zikivuja huua hata mkanda mpya. Oili hulainisha mpira na kuyaachanisha meno na mwili wa mkanda. Mkanda uliolowa oili haufutwi wala hauoshwi kwa petroli. Unatupwa, na uvujaji unazibwa kwanza. Weka na mkanda wa nje wa alteneta kama umeanza kuchanika, kwani uzi wake unaweza kuvutwa nyuma ya puli, ukaingia chini ya kifuniko na kuurusha mkanda wa taiming.

Kuna kundi moja ambalo maelezo yangu kuhusu oili hayalihusu: injini zilizotengenezwa mkanda ukiwa ndani ya oili, kama matoleo ya awali ya Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Huko mpira maalumu unavumilia oili iliyoandikwa kitabuni peke yake. Ukiweka nyingine, au ukichelewesha kumwaga oili mpaka imechanganyika na petroli, mkanda unameguka na makombo yake yanaziba chujio la pampu ya oili. Injini inaweza kufa kwa kukosa oili kabla mkanda haujakatika. Wenye hizo wasisubiri kilomita za juu zilizochapishwa mwanzoni.

Ukinunua vifaa, nunua seti nzima kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ikiwa kwenye boksi lake. Mkanda wa bandia unafanana na halisi kwa kila kitu unachoweza kukiona, na tumeshakubaliana macho hayatoshi. Linganisha na ule wa zamani: idadi ya meno, upana, na umbo la jino, kwani kuna meno ya mviringo na ya pembe, hayabadilishani. Ukiukuta dukani umefungwa kwa rababendi, umekunjwa kama kamba au umening'inizwa kwenye msumari, uache. Kukunjwa vikali kunavunja zile nyuzi za ndani kabla hata haujafungwa.

Kuhusu kazi yenyewe, kaa karibu ukiweza. Injini iwe baridi. Fundi aiweke pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, alama za puli ya kamshafti na za krankshafti zikutane na alama za kiwandani kabla hajatoa mkanda. Wapo wanaopaka rangi mkanda wa zamani na puli, kisha wanahamishia alama kwenye mkanda mpya. Inafanya kazi kama aliyetangulia hakukosea, na wewe humjui aliyetangulia. Mkanda wenye mshale ufuate upande wa mzunguko, na uingie kwa mikono. Nikiona bisibisi inatumika kuusukuma kwenye puli, natoka na gari langu. Bolti ya krankshafti ifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha injini hiyo, kwa sababu ikilegea puli inakula kii yake (kichuma kinachoizuia isiteleze kwenye shafti) na taiming inayumba. Na isifunguliwe kwa kubana spana kwenye chasi na kupiga stata. Najua inafanyika kila mahali, na najua inafungua. Ikiteleza, inavunja mkono wa mtu au kifuniko cha injini.

Jambo moja ambalo silisamehi likirukwa: akishaachia tenshena ishike mkanda, aizungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya krankshafti, mizunguko miwili kamili, upande injini inaozungukia, kisha aangalie alama tena. Miwili, kwa sababu ndiyo inayoirudisha kamshafti ilipoanzia. Njiani akikutana na kizuizi kigumu asilazimishe, valvu imekutana na pistoni na taiming imekosewa. Kuzungusha huko kwa mkono kunagharimu dakika chache. Stata ingeugundua mkoseo huohuo kwa kupinda valvu.

Injini ikiwaka, sikiliza. Mluzi unaopanda na kasi ya injini mara nyingi ni mkanda uliokazwa mno, na sauti ya kupigapiga ndani ya kifuniko ni uliolegea. Gari likikosa nguvu, likimisi likiwa limesimama, na mashine ya kupimia ikasoma P0016 (kodi ya kamshafti na krankshafti kutolingana), kuna uwezekano mkubwa jino moja limerukwa. Rudi siku hiyohiyo. Omba mkanda wa zamani na tenshena yake uondoke navyo, na tarehe na kilomita ziandikwe kwenye stika iliyobandikwa juu ya kifuniko, pasipofikiwa na oili.

Mpaka siku ya kazi, usijidanganye kwamba kuendesha polepole kunauongezea umri. Safari ndefu iahirishe. Na ukikatika kabla hujaufikia, utajua hivi: injini inazima ghafla bila kukohoa, na ukipiga stata inazunguka kwa wepesi na kwa kasi isiyo ya kawaida, kana kwamba hakuna kompresheni. Usipige tena, usisukume gari likiwa kwenye gia. Kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda valvu iliyokuwa imesalimika. Likishafika gereji, fundi afungue kifuniko cha juu na azungushe krankshafti kidogo kwa spana aone kama kamshafti inafuata. Isipofuata na injini ni ya zisizogongana, kazi inaishia kwenye seti mpya. Kama ni ya zinazogongana, afunge taiming kwa muda na mkanda wa kujaribia, azungushe kwa mkono, apime uvujaji wa hewa silinda kwa silinda, ndipo muongee habari za kutoa silinda hedi.